Dhahabu Mbele ya Kamera

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliondoka Zanzibar mwaka 1866. Mwaka uliofuata aliolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Huko, katika studio ya H. F. Plate, alipigwa picha ambazo hadi leo hazikosi katika vitabu vya historia ya Zanzibar: amevaa mavazi ya kwao, amejipamba kama walivyojipamba mabinti wa majumba ya kifalme. Mtazamaji anaiona mikunjo ya nguo, anaziona nakshi za kitambaa, anayaona macho ya mwanamke aliyeiacha nchi yake. Dhahabu haioni. Kila pambo limetoka kijivu, jeusi au jeupe, na hakuna awezaye kusema kwa kutazama tu lipi ni la dhahabu, lipi la fedha na lipi la shaba.

Plate hakukosea kitu. Wapiga picha wa wakati ule walitumia mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodioni, mbinu iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Kemikali za bamba hilo ziliiona bluu na miali isiyoonekana kwa macho iliyo karibu nayo. Manjano na nyekundu hazikuzigusa. Dhahabu, ambayo sifa yake yote ni umanjano, ilitoka nyeusi kama chuma, isipokuwa pale palipoakisi anga. Fedha ilitoka nyeupe, inang'aa. Kwa hiyo anayezisoma picha za karne ya 19 asikimbilie kuhukumu utajiri wa mtu kwa vinavyometa. Mara nyingi kilichofifia ndicho kilichokuwa na thamani kubwa.

Na bado picha yenyewe ilitengenezwa kwa madini hayohayo mawili. Taswira ilikuwa chembechembe za fedha. Mfaransa Hippolyte Fizeau alionyesha mwaka 1840 kwamba bamba la picha likioshwa kwa chumvi ya dhahabu linapata nguvu na kudumu, na baadaye picha za karatasi iliyopakwa ute wa yai nazo zikaoshwa vivyo hivyo. Rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, ambayo sisi huihesabu kuwa ndiyo sura ya picha za kale, imetokana na dhahabu. Madini ambayo kamera ilishindwa kuyaona yalikuwa ndani ya karatasi, yakiilinda picha isifutike.

Tatizo lilikuwako tangu mwanzo. Daguerre alipoutangaza ufundi wake Paris mwaka 1839, picha yake ilikuwa bamba la shaba lililopakwa fedha, zuri la kustaajabisha, lakini lisilo na rangi. Wateja waliokuja na pete na mikufu walitaka rangi hiyo ionekane. Mafundi wakatafuta njia: waliitia pete rangi ya dhahabu kwa brashi nyembamba juu ya bamba, au wakalidonoa bamba kwa ncha ya sindano mahali penye kito ili nukta ile imete mwanga ukiiangukia. Hizo ndizo picha za kwanza za vito zilizosahihishwa kwa mkono baada ya kupigwa. Anayeongeza mng'ao kwa kidole kwenye kioo cha simu leo anaendeleza kazi yenye umri wa karibu miaka 190.

Kamera ilifika mapema pwani ya Afrika Mashariki. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka pwani hii kati ya 1846 na 1848, alikuwa na vifaa vya Daguerre, na picha zilizopigwa safarini zilitumiwa kuchorea michoro ya albamu yake. Mwaka 1860 James Augustus Grant, akiwa njiani kuelekea bara na Speke, alipiga picha mjini Zanzibar. Katika nusu ya pili ya karne hiyo wakaja watu wa kukaa, sio wa kupita: Wagoa. Studio ya A. C. Gomes, na baadaye ya J. B. Coutinho, zilipiga picha masultani, mabalozi, wafanyabiashara, harusi, na mitaa ya Mji Mkongwe.

Walikuta watu wanaojua mapambo. Majasi masikioni, kipini puani, kidani na mkufu shingoni, kekee na vikuku mikononi, mitali na mafurungu miguuni: kila kiungo kilikuwa na chake, na kila kitu kilikuwa na jina. Mapambo yalikuwa akiba ya mwanamke. Aliyachukua kwa mahari au kwa urithi, aliyaweka rehani shida ikimfika, na yakichakaa sonara aliyayeyusha akafua mengine. Fedha nyingi ilitoka kwenye reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye tarehe ya 1780 ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na zaidi ya sehemu nane katika kumi zilikuwa fedha safi. Masonara wa Uarabuni na wa pwani yetu waliiamini kuliko sarafu nyingine yoyote. Vikuku vingi vilivyomo leo katika makabati ya makumbusho vilikuwa reale kwanza.

Jua la hapa lilikuwa na taratibu zake. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya vilifundisha kanuni moja ya msingi: studio iwe na dirisha kubwa la kaskazini, maana jua halipiti upande huo, na mwanga unaoingia ni laini mchana kutwa. Kanuni hiyo ni sahihi kwa Hamburg. Zanzibar iko takriban digrii 6 kusini mwa Ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, miezi mingine liko kusini, na mara mbili kwa mwaka linapita utosini. Dirisha lililo salama Januari linachoma Juni. Fundi wa Unguja hakuweza kulitegemea dirisha moja. Ilimbidi ajue msimu, ajue saa, na awe na mapazia ya kuuchuja mwanga kabla haujamfikia mteja.

Hapo ndipo ulipo ufundi wote wa kupiga picha vito, jana na leo, na inafaa kuueleza taratibu.

Chuma kilichosuguliwa ni kioo. Kikuku hakina sura yake mwenyewe mbele ya kamera. Kinaonyesha kila kilicho mbele yake, yaani dirisha, dari, nguo ya mpiga picha na mkono ulioshika kamera. Jua kali likikipiga, kinatoa nukta moja nyeupe inayoumiza macho na sehemu nyingine yote inakuwa giza. Mwanga mpana ukikifunika, mng'ao unatambaa juu ya mgongo wake wote na umbo linaonekana. Ndiyo sababu mafundi wa studio walitandika kitambaa cheupe baina ya jua na kitu, na ndiyo sababu wapiga picha wa vito wa leo hukizungushia kitu hema dogo jeupe. Shashi au marekani iliyotundikwa dirishani hufanya kazi ileile. Kipande cha karatasi nyeusi kikisimamishwa pembeni, nje ya picha, huipa fedha mstari mweusi ukingoni, nayo huacha kuyeyuka ndani ya weupe. Vito vya mawe ni kinyume chake: almasi au yakuti haichezi kwa mwanga mpana, inahitaji nukta ndogo kali ya kuingia ndani na kuvunjika. Pete yenye jiwe kwa hiyo inadai aina mbili za mwanga kwa wakati mmoja. Aliyewahi kujaribu anajua kwamba hakuna kazi ngumu kuliko hiyo katika meza ya mpiga picha.

Jambo jingine la enzi za Gomes na Coutinho haliwezi kupitwa kimya. Wanawake wa familia kubwa za pwani hawakuwaonyesha wageni nyuso zao, na wageni ndio walionunua kadi za posta za studio hizo. Waliosimama mbele ya lenzi kwa ajili ya biashara hiyo mara nyingi walikuwa wanawake wasio na uwezo wa kukataa, au waliolipwa kidogo. Wengine walitoka katika utumwa ambao serikali ya Zanzibar iliutangazia kikomo mwaka 1897. Walivishwa, wakapangwa, wakapigwa picha wakiwa wamejaa mapambo ambayo huenda hayakuwa yao. Maelezo ya kadi yakasema tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Jina halikuandikwa. Kadi nyingi za wakati huo zilichapwa Ujerumani na kutiwa rangi huko na watu ambao hawakuiona Zanzibar, kwa hiyo hata kikuku kinachoonekana cha manjano kwenye kadi si ushahidi kwamba kilikuwa cha dhahabu. Mwanahistoria wa sanaa Prita Meier, ambaye kitabu chake kuhusu picha za pwani ya Waswahili kilitoka mwaka 2024, ameifanya kazi kubwa ya kuturudisha kwa watu hao. Ni kazi iliyochelewa, na inastahili kusomwa na kila anayeuza au kukusanya kadi hizo.

Dhahabu ilianza kupata haki yake mwaka 1873, Mjerumani Hermann Vogel alipogundua kwamba bamba likitiwa aina fulani za rangi linaanza kuiona kijani na manjano. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza ikauza mabamba yaliyoona rangi zote pamoja na nyekundu. Bado picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini sasa manjano ilitoka na wangavu wake. Kisha Kodachrome mwaka 1935, na rangi yenyewe.

Wakati huo studio za mji zilikuwa zimeingia mikononi mwa kizazi kingine. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga picha wachumba na familia kuanzia miaka ya 1940, na picha zake zina vivuli na mng'ao wa mabango ya sinema. Taa za umeme ziliwapa mafundi hawa kitu ambacho dirisha halikukitoa kamwe: uwezo wa kuamua mng'ao wa bangili uangukie wapi. Watu walikuja studio wamevaa walicho nacho chema kuliko vyote. Picha ilikuwa shahidi wa harusi, wa safari, wa mwana aliyezaliwa, na shahidi wa dhahabu pia.

Filamu ya rangi ilikuja na kasoro nyingine, nzito kuliko ile ya kolodioni kwa sababu haikutokana na maumbile ya madini. Kodak ilizipa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wakaiita Shirley, jina la mmoja wa wanamitindo wa kwanza. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth ameandika jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao zilikuwa zikipotea, yalivyochangia kuifanya kampuni irekebishe filamu zake. Athari yake inaonekana katika albamu nyingi za Waafrika za miaka ya 1960 na 1970: uso umezama gizani, na mkufu umebaki unang'aa peke yake juu ya kifua kisichoonekana. Aliyevaa alistahili zaidi ya hapo.

Miongoni mwa simu za kwanza zenye kamera, Sharp J-SH04 iliingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 2000, ikiwa na nukta 110,000 tu za picha. Pete ingetoka kama doa. iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na nukta milioni 2, haikuweza kulenga kitu cha karibu, na haikuwa na taa. Wauza vito walioanza biashara ya mtandaoni miaka iliyofuata walibandika lenzi ndogo za klipu juu ya simu. Mwaka 2021 iPhone 13 Pro ililenga kitu kilicho umbali wa sentimita 2. Kampuni ya Transsion, yenye simu za Tecno zilizojaa Afrika Mashariki, ilijipatia jina kwa kurekebisha kamera zake zifae ngozi nyeusi, na Google ikafuata na mpango wake mwaka 2021. Kwa upande wa ngozi, hayo ni maendeleo ya kweli.

Kwa upande wa dhahabu, simu imeleta udanganyifu wake. Kamera ya simu haipigi tu, inakisia. Inadhani kila mandhari kwa wastani ni ya kijivu. Kwa hiyo mkufu ukilazwa juu ya kitambaa cheusi, simu inaongeza mwanga na dhahabu inaungua ikawa nyeupe. Ukilazwa juu ya karatasi nyeupe, karatasi inageuka ya kijivu na dhahabu inaingia giza. Dawa ni kugusa kioo mahali penye pambo na kuuteremsha au kuupandisha mwanga kwa kidole hadi nakshi zirudi. Simu pia inaikisia rangi ya taa. Ikikuta umanjano mwingi inadhani kosa ni la balbu, nayo inaupunguza. Dirisha na balbu zikiwaka pamoja, upande mmoja wa kikuku unakuwa wa bluu na mwingine wa chungwa. Kuzima taa zote na kubaki na dirisha peke yake kunaondoa nusu ya matatizo hayo.

Hapa suala linagusa uaminifu. Dhahabu ya karati 22 ina asilimia 91.6 ya dhahabu halisi, ya karati 18 ina 75, ya karati 9 ina 37.5, na rangi hutofautiana kadiri madini mengine yanavyozidi. Mnunuzi aliye mbali anaitazama rangi. Muuzaji anayeiongezea picha umanjano ili karati 18 ifanane na 22 anatenda kosa lilelile la anayeharibu mizani. Muuzaji mwadilifu anaweka kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya pambo, ili mnunuzi aone kwamba weupe wake haujaguswa, na anapiga picha ya muhuri wa karati kwa ukaribu.

Tanzanaiti inadai uangalifu wa namna hiyohiyo. Jiwe hilo liligunduliwa Mererani mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ikalipa jina la nchi mwaka uliofuata. Lina rangi zaidi ya moja kulingana na upande linakotazamwa, na kulingana na mwanga pia: mchana linaelekea bluu, chini ya balbu ya manjano linaelekea zambarau. Picha moja haiwezi kulisema. Mwezi Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na picha zake akiwa ameyashika zikazunguka dunia. Nguvu ya picha zile ilikuwa mikono. Bila mikono ya Laizer, hakuna ambaye angeukadiria ukubwa wa mawe yale. Wauzaji wanaopiga pete hewani, bila kidole, bila sarafu, bila rula, wanamnyima mnunuzi kipimo alichokuwa nacho kila aliyeiona picha ile.

Kuhusu umbali, kosa la kawaida ni kuisogeza simu hadi karibu kuligusa pambo. Lenzi kuu ya simu ni pana. Ikikaribia sana inavimbisha kilicho mbele na pete ya duara inatoka kama yai. Ni bora kurudi nyuma na kutumia lenzi ya kuvuta karibu, ikiwa simu inayo, au kupiga kwa mbali kidogo na kukata picha baadaye. Lenzi ifutwe kwa kitambaa safi kwanza. Mafuta ya kidole hutandaza ukungu kuzunguka kila mng'ao, na wengi hulaumu simu bure.

Mwingereza Henry Fox Talbot alichapisha picha ya rafu za vyombo vya kauri katika kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka 1844, akaeleza kwamba mwizi akiviiba, picha hiyo ingeweza kupelekwa mahakamani kama ushahidi. Miaka 5 tu baada ya Daguerre, faida hiyo ilikwisha onekana. Familia nyingi za pwani hazijaitumia. Mapambo ya zamani yanapelekwa kwa sonara bei ya dhahabu ikipanda, yanayeyushwa, na pamoja nayo inapotea mitindo ambayo hakuna anayeifua tena. Mwenye kidani cha bibi au mitali ya mama mkubwa akitoe asubuhi moja, akilaze juu ya kitambaa cha kijivu karibu na dirisha lenye shashi, akipige mbele, nyuma na penye alama ya fundi, pamoja na rula. Kisha aandike jina la pambo kama linavyotajwa nyumbani, jina la aliyelivaa, na mji lilikofuliwa. Afanye hivyo kabla halijaingia katika kalibu.